Usimuulize Kama Amekipenda

Siku mliponiaga ofisini mlinisifu kwa zamu, na kufikia msemaji wa tatu nilikuwa nimeshaanza kuwashuku. Mlisema mimi ni mpole. Mimi si mpole, na wawili kati yenu wanalijua hilo vizuri kuliko wengine. Mlisema mtaikosa hekima yangu, na aliyesema hivyo alikuwa akiitazama keki. Sina kinyongo. Nimelea watoto wangu kwa kazi ya kusikiliza watu wakisifu vitu ambavyo hawajavisoma, kwa hivyo sifa za kuagana haziwezi kunilevya. Lakini baadaye mmoja wenu alinifuata hadi kwenye ngazi akaniuliza, "Mama Nafula, kwani zamani bila simu mlikuwa mnajuaje kama watu wameipenda riwaya?" Swali hilo niliamini, kwa sababu hakuna aliyemtuma kuuliza. Ndiyo maana naandika.

Mlioikuta kampuni imeshahamia kwenye jengo lenye lifti hamjui tulikotoka. Tulikuwa ghorofa ya tatu katikati ya mji, juu ya duka la sufuria na birika, na tulichapisha riwaya za watu wanaosoma wakiwa kwenye foleni. Mapenzi, upelelezi, majini na mizuka, na mara mojamoja zile za watu wanaohamia sayari nyingine na bado wanagombana na mama mkwe. Kabla riwaya haijaenda mtamboni, mswada ulitolewa nakala, ukatiwa waya mgongoni, jina la mwandishi likafutwa, kisha nakala zikapelekwa kwa vikundi vitatu vya wasomaji: kimoja Parklands, kimoja Ngara, kimoja Adams Arcade. Vyote vitatu vikikubali, mhariri mkuu aliupitisha bila maneno mengi. Kazi yangu ilikuwa kupeleka nakala, kuwapa watu nafasi, kisha kurudi kusikiliza. Na kulikuwa na sharti moja ambalo ninyi mmeliacha. Mkusanyaji wa maoni hakuruhusiwa kuusoma mswada kabla ya wasomaji. Uso husema. Ukishajua nani ameua, msomaji anakusoma wewe badala ya kitabu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Swaleh, mtu wa Mombasa aliyehamia Ngara akiwa kijana na asiache hata neno moja la kwao njiani. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono, na hakuwahi kukuuliza jambo la kazi kabla hajakuuliza hali ya watu wa nyumbani kwako, mmoja mmoja, kwa majina. Mwanzoni nilidhani anapeleleza. Nimetoka Bungoma, kwetu pia tunasalimiana, lakini yeye alikumbuka hadi jino la shangazi yangu.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka Parklands, kwa Bi Mwanahawa. Wanawake wa kikundi chake walikutana sebuleni kwake baada ya sala ya alasiri, sambusa mezani, viatu vimepangwa nje. Tulikuwa tumewapa riwaya ya mapenzi. Walinipokea kama binti yao, wakaniambia, "Mashallah, mwandishi amejitahidi. Lugha yake safi. Mungu amzidishie." Niliandika kwa furaha. Tulipofika nje Bwana Swaleh aliniuliza nimeandika nini.

"Wameipenda sana," nikasema.

"Mwanangu, hawakuvuka sura ya tatu."

"Umejuaje?"

"Umesikia wametaja mtu yeyote wa mle ndani? Mtu akiipenda hadithi hana habari na mwandishi. Atakusengenyea wale wa ndani kama majirani zake. Hawa wamenyamaza kuhusu wote, wakamwombea dua mwandishi. Mtu huombewa dua akiwa na shida."

Hapo ndipo aliponipa kanuni ambayo niliitumia hadi siku ya keki. Usimuulize msomaji kama amekipenda kitabu. Muulize amemsimulia nani. Kisha umtafute huyo aliyesimuliwa, akusimulie wewe. Hadithi ikiwa hai, itakuwa imefika kwa mtu ambaye hajaushika mswada, na huyo hana sababu ya kukudanganya kwa sababu hajui kwamba anatoa maoni. Ikiwa imefia kwa msomaji wa kwanza, hata akikuapia, imekufa.

Kila kundi lilikuwa na namna yake ya kutudanganya. Parklands walidanganya kwa adabu. Ngara, kwa wauza mapazia na vitambaa, walidanganya kwa hesabu ya biashara. Kiongozi wao, Njoroge, alikashifu kila kitu kwanza, kama anayeshusha bei, kisha akauliza kama nakala anaweza kubaki nayo. Kule Adams Arcade tulikuwa na Akinyi, mwenye saluni, ambaye wateja wake walisoma wakiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Hao walidanganya kwa haraka. "Iko fiti, mum," walisema, na ukiuliza fiti vipi, wanaomba maji ya moto.

Na kila aina ya riwaya nayo ilikuwa na uongo wake. Katika mji huu hakuna mwanamume aliyewahi kusoma riwaya ya mapenzi. Mke wake aliiacha mezani, macho yakaiangukia, na yaliendelea kuiangukia hadi ukurasa wa mwisho. Wa upelelezi wote walimjua muuaji tangu sura ya pili, basi unawauliza waliendelea kusoma kwa nini. Wa mizuka hawakuogopa hata chembe, ila ukichimba unakuta walisomea jikoni, mchana, nyumba imejaa watu. Na yule anayekuambia riwaya "inafundisha", huyo mshuku mara mbili. Sijawahi kumwona mtu akishukia kituo kisicho chake kwa sababu alikuwa anafundishwa.

Siku hizi mna nyota kwenye simu. Nimezitazama nyota zenu. Nimeona riwaya ina nyota tano kutoka kwa watu wenye majina ya ukoo yanayofanana na la mwandishi, na nikaona nyingine ina nyota moja kwa sababu mletaji alichelewesha mzigo. Siwaambii mziache. Nawaambia tu kwamba nyota haijawahi kusimulia chochote.

Sasa niwaeleze mswada ulionisumbua kuliko yote.

Bwana Swaleh alikuwa anakaribia kustaafu. Asubuhi moja alinipa riwaya ya upelelezi niipeleke kwa vikundi. Kwa kawaida alinikabidhi nakala kama mtu anayemkabidhi mwenzake unga wa kilo mbili. Siku hiyo alikuwa amezifunga kwa karatasi ya kaki na kuzinyoosha pembe. "Huu umeandikwa na mtu fulani tu," alisema, nami sikuwa nimeuliza. Kisha ikawa kila nikiingia ofisini ananiuliza kama nimesikia lolote. Kabla ya hapo hakuwahi kuuliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maoni yakikimbizwa hukimbia.

Nilianza kumshuku. Nawaambia wazi, niliwaza kwamba mwandishi amempa chai, yaani hongo. Mji wetu mnaujua, na mtu anayekaribia kuondoka ndiye hufuatwa kwanza. Niliumia kuwaza hivyo, na niliendelea kuwaza.

Nilipoenda kukusanya maoni, mashaka yaliongezeka. Bi Mwanahawa, ambaye hakuwahi kutoa kauli kabla ya kikombe cha pili, alisema nikiwa bado navua viatu, "Kitabu kizuri. Kichapishwe." Ngara, Njoroge hakukashifu kitu hata kimoja. Alikuwa anakunja kitambaa na hakuinua macho. "Hiyo ni moto, mathe. Peleka tu wa-print."

"Moto wapi?"

"Yote. Moto from mwanzo mpaka mwisho."

"Umemsimulia nani?"

"Aa, mathe, mimi niko na customer hapa." Hakukuwa na mteja.

Akinyi naye aliniambia kule saluni, "Hii tumepitisha. Andika poa."

"Nani aliua?"

Akamtazama mteja kwenye kioo, mteja akamtazama yeye. "Ai, mum, sasa unataka kuharibia wenye hawajamaliza?"

Vikundi vile vitatu havikuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote. Walichokipenda Parklands kilichekwa saluni, na kilichowatoa machozi Ngara kiliitwa upuuzi Parklands. Sasa wote neno moja, na hakuna hata mmoja aliyemsimulia mtu. Nilirudi kwa Bi Mwanahawa siku nyingine, mikono mitupu, bila nakala, ili ajue sikuja kwa kazi. Nikamuuliza waziwazi, "Bi, kuna mtu amewapitia kabla yangu?"

"Wewe kweli hukijui kitabu hiki ni cha nani?"

"Siruhusiwi kukisoma."

"Basi nisikilize. Inspekta amemfuata muuaji kitabu kizima. Amempata. Badala ya kumtia pingu, amuuliza mamake hajambo, na ule mguu wake wasemaje, na yule mdogo aliyekuwa akikohoa ameshapoa? Sasa niambie, ni nani katika mji huu aulizaye hivyo?"

Nilikaa chini.

"Swaleh aja nyumba hii tangu wanangu wadogo," akasema. "Alipofariki mume wangu alikuwa hapa kabla ya ndugu zake. Sasa astaafu, ataka aone kitabu chake. Wewe wataka mimi nimwambie hakifai?"

"Na wa Ngara? Na wa saluni?"

"Wana macho pia. Kwani yeye hakuwauliza hali zao miaka yote hiyo?"

"Na kitabu chenyewe, Bi?"

Akanimiminia chai kwanza. "Mwanangu, nililala nacho usoni."

Nilifurahi kwamba Bwana Swaleh hakuwa amekula chai ya mtu. Furaha hiyo haikufika hata barabarani. Nilielewa kilichobaki mikononi mwangu. Nikinyamaza, vikundi vyote vitatu vimeshakubali, mhariri mkuu angekipitisha na Bwana Swaleh angepata kitabu chake. Kisha kingeenda Kisumu na Eldoret, kwa watu ambao hakuwahi kuwauliza hali za mama zao. Hao wangekitupa njiani na wangesema kwa nini. Naye angewasikia, kwa sababu hakuna aliyejua kusikia yasiyosemwa kama yeye, seuze yaliyosemwa. Nikimwambia ukweli, ningemvunja moyo mtu aliyenifundisha kuutafuta. Niliogopa mambo yote mawili kwa kiasi kilekile.

Kwa kuwa wasomaji walikuwa wamemaliza, sharti halikunibana tena. Niliusoma mwisho wa wiki. Ulikuwa mbaya. Kulikuwa na maiti wanne, wote walikufa kwa adabu, na washukiwa walijibu maswali kama wako kwenye harusi. Lakini katikati kulikuwa na sura moja. Inspekta anafika nyumbani amechelewa, mkewe ametia komeo kwa ndani. Hagongi kwa nguvu. Anakaa kwenye ngazi, anazungumza na mlango. Anamuuliza mkewe amepika nini. Mkewe anamjibu, "Muulize uliyekuwa naye." Anaanza kumweleza siku yake, jambo baada ya jambo, na mke anatia maneno machache kutoka ndani, makali, halafu yanapungua ukali. Kisha simu inalia, kuna maiti mwingine, Inspekta anakimbia, na habari za mlango hazisikiki tena.

Jumapili nilikuwa nachambua kunde, mume wangu Barasa anasikiliza mpira redioni. Sijui nilianzaje. Nilijikuta nimeshamsimulia, na yeye ameshapunguza sauti ya redio.

"Halafu? Alifungua?" akauliza.

"Sijui. Simu ililia, akaenda kuangalia maiti."

"Maiti gani tena? Wachana na maiti! Rudi kwa mlango."

Niliacha kuchambua kunde. Nilikuwa nimefanya kile kitu ambacho vikundi vyote vitatu havikufanya.

Jumatatu nilimkuta Bwana Swaleh peke yake, kahawa mkononi. Akaniuliza hali ya Barasa, ya binti yangu Nafula na mtihani wake, ya kaka yangu wa Bungoma na ng'ombe wake aliyekuwa anaumwa. Nilijibu yote. Kisha nikamwambia, "Bwana Swaleh, maoni ya ule mswada wa Inspekta yamekamilika. Wote wamesifu."

Alitabasamu kama mtoto. Nilitamani ninyamaze hapohapo. Lakini kazi ilimtangulia, akauliza kabla hajajizuia, "Wamemsimulia nani?"

"Hakuna mtu."

Aliiweka kahawa. Akaivua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Wamenitambua," akasema.

"Ndiyo."

"Basi hawakusoma. Wamenisalimia tu."

Alipoanza kuzikusanya karatasi zake, nikasema, "Lakini mimi nimemsimulia Barasa."

"Nini? Ile maiti ya kwanza?"

"Mlango. Na Barasa anataka kujua kama ulifunguliwa."

Akaziweka tena karatasi zake mezani. "Ule si wa Inspekta," akasema. "Zainabu, Mungu amrehemu, hakuamini hata siku moja kwamba mtu aweza kuchelewa kwa sababu ya vitabu." Nilijua kwamba mkewe alifariki zamani, kabla mimi sijaajiriwa. Hakuwahi kumtaja kwangu. Sikumuuliza zaidi, na yeye hakunijibu lile la Barasa. Aliniambia tu nimrudishie nakala zote. Siku hiyo hiyo aliingia kwa mhariri mkuu akasema mwandishi amebadili nia.

Alistaafu. Kwa muda mrefu nilimsikia tu kwa watu. Kisha siku moja alipanda zile ngazi za ghorofa ya tatu, akapumzika, akaniuliza hali ya kila mtu, akaweka mswada mezani. Safari hii haukufungwa kwa kaki. "Usiupeleke kwa wanaonijua," akasema, na aliona haya kweli. Ilikuwa riwaya ya mapenzi, na yeye ni mtu wa safu ya kwanza msikitini.

Wakati huo nilikuwa nimeanzisha kikundi kipya Kawangware, kwa wanawake wa mitumba. Hawakumjua Bwana Swaleh, na hawakunijua mimi vya kutosha kunionea huruma. Nilipowarudia, mwenyekiti wao alinitupia nakala mapajani.

"Madam, hii kitabu ni mbaya. Hakuna kitu inafanyika. Mzee amekaa kwa ngazi page zote, anaongea na mlango."

Nikatoa kalamu. "Basi niandike hamkuipenda?"

"Andika. Na huyo bibi pia ni kichwa ngumu. Mimi ningefungua kitambo."

"Ungefungua?" mwenzake wa meza ya pili akadakia. "Hiyo ndio maana bwana yako anakuzoea. Atoke wapi saa hiyo?"

"Si amesema alikuwa kazi!"

"Kazi! Na wewe ukaamini!"

Mwanamke wa tatu, aliyekuwa akiuza vitunguu pembeni na hakuwa wa kikundi, akageuka na mzani mkononi. "Lakini nyinyi mnasahau hakugonga. Mwanaume mwenye makosa anagonga."

Nikamuuliza yeye amesoma wapi.

"Mimi sijasoma. Nimeambiwa. Hata nimeambia bwana yangu, akasema ati ni lazima bibi afungue, ni nyumba ya mwanaume. Hatujaongea tangu Jumanne."

Niliwaacha wakizozana. Nilimpelekea mhariri mkuu taarifa yangu, kwamba wasomaji wamesema kitabu ni kibaya na hawawezi kukiacha, akanielewa, maana naye alifunzwa na Bwana Swaleh. Akakipitisha. Ndipo nikakaa nikakisoma mwenyewe, kisha nikaenda Ngara, kwa Bwana Swaleh.

"Wamesemaje?" akauliza, baada ya kumaliza kuuliza hali za jamaa zangu wote.

"Wamesema ni kibaya. Hakuna kinachotokea."

Aliinamisha kichwa. Nikamweleza juu ya mwenyekiti, wa meza ya pili, muuza vitunguu na mumewe asiyesemeshwa. Nilipofika kwa yule mume alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikabadilika, akajifuta macho kwa kiganja bila kuficha. Halafu akaniambia, "Mwanangu, miaka yote hii sijawahi kusikia hadithi yangu ikisimuliwa. Nisimulie."

Nikaona aibu kumsimulia mtu kitabu chake, lakini nilianza. Nikamkalisha yule mume kwenye ngazi, nikatia komeo, nikamfanya mke ajibu makali. Bwana Swaleh alisikiliza amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umeacha kucheza na kikombe. Nilifika pale ambapo maneno yamewaishia wote wawili, mume amenyamaza nje, mke amenyamaza ndani, nikasita kidogo ili nimeze mate.

Akafumbua macho, akainama mbele. "Ukafunguliwa?"

Nilimtazama vizuri, maana nimezoea kushuku watu, nikidhani ananitania. Hakuwa akinitania; alikuwa akiusubiri mlango kama Barasa.